Kisima Kilichosomewa Fatiha Kabla ya Kupimwa

Chss. Chss. Chss.

Sauti hiyo ndogo ndiyo iliyotangulia adhana ya alfajiri katika nyumba ya Daoud. Ulikuwa unga wa mchele uliovurugwa kwa tui, ukimiminwa upawa kwa upawa katika kikaango cha vishimo kilichokwisha kushika moto. Sittou, mkewe Daoud, alikuwa akichoma vitumbua. Watu wa Nosy Be, kisiwa cha Wamalagasi, huviita mokary. Vitatu vya kwanza havikuuzwa. Alivifunika kwa kawa na kumpelekea mjane wa nyumba ya pili, ambaye meno yalikuwa yamemwisha na hakuweza kutafuna ila kitu laini cha moto. Hakuna aliyemtuma kufanya hivyo, na yeye hakumwambia mtu.

Nyumba yao ilikuwa kando ya barabara ya Andilana, kaskazini magharibi mwa kisiwa. Daoud alitengeneza injini za mashua. Katika ua huohuo alikuwa amemjengea binti yake wa pekee, Hayrat, chumba kimoja cha mabati, kwa kuwa ada ya Wakomori ni kwamba mume ndiye huhamia kwa mke. Mume mwenyewe alikuwa Houmadi, kijana wa Mahajanga, mcheshi, ambaye kila asubuhi alimwambia mkwewe, "Mama, mimi sikumwoa Hayrat, nilivioa hivi vitumbua." Na Sittou alicheka kila mara kana kwamba hajawahi kuusikia mzaha huo. Mwaka ule, mwezi wa Februari, Hayrat alikuwa ameanza kukataa harufu ya samaki, na kila mtu uani alijua maana yake.

Niambieni, ndugu zangu, walikosa nini watu hawa? Walikosa maji tu. Mtaa mzima ulichota katika kijito cha mashamba ya mpunga, mwendo wa nusu saa. Hata chumba cha wazazi cha mtaa, chenye vitanda viwili na mkunga mmoja aliyeitwa Rahamatou, kilitegemea ndoo za vichwani.

Kwa hiyo mkoa ulipotoa fedha za kuchimba kisima kando ya chumba hicho cha wazazi, watu walipiga vigelegele. Likaja na shirika moja kutoka mjini, likafundisha kwamba fedha za mkoa ni fedha za raia, na raia wana haki ya kuona zinavyotumika. Wakaombwa wachague kikundi cha kufuatilia kazi. Karatasi ya mradi ikabandikwa kwenye ubao wa mtaa ili kila mwenye macho aisome: kisima cha mita kumi na nane, kilichojengewa pete thelathini na sita za saruji, kila pete nusu mita. Kazi ikiisha, kikundi kipime. Kipimo kikiwa sawa, mwenyekiti na wajumbe wawili watie saini, ndipo mkandarasi amaliziwe haki yake.

Watu walimchagua Daoud awe mwenyekiti kwa sababu hawakuwahi kumsikia akigombana na mtu. Hapo, wanangu, ndipo kosa la kwanza lilipopita mlangoni bila kubisha hodi. Walitafuta mlinzi, wakamchagua mtu asiyeweza kupiga kelele.

Wajumbe walikuwa Sittou mwenyewe; Mzee Zoubeir, mwashi aliyestaafu, mwenye ulimi mkali kuliko patasi yake; na bwana mmoja aliyeitwa Anli, ambaye husema "ndiyo" hata kabla hujamaliza kuuliza.

Mkandarasi alipofika, alikuwa Mikidache, mtu wa Mahajanga. Alimkumbatia Daoud mbele ya watu na kumwita kaka. Lazima niwaeleze sababu.

Mwishoni mwa mwaka 1976 na mwanzoni mwa ule uliofuata, Wakomori wa Mahajanga walipatwa na siku ambazo waliozipitia hawapendi kuzitaja. Watu waliuawa, nyumba zikachomwa, maelfu wakaondoka. Daoud alikuwa na umri wa miaka tisa. Yeye na mama yake walifichwa siku tatu nyuma ya magunia ya mchele katika duka la Boinali, babake Mikidache, Mwislamu mwenyeji wa mji ule. Boinali aliwaletea maji ya kunywa na wali, na aliwaletea pia sabuni, kwa sababu aliona mama anaona haya kwa hali yake. Daoud hakuisahau sabuni ile. Mama yake alipomleta Nosy Be, alimlea kwa neno moja alilolirudia kila siku: "Mgeni akihesabu vyombo vya mwenye nyumba, huonyeshwa mlango." Sittou naye alilelewa kwa neno kama hilo. Walizaliwa katika nchi hii, waliwazika wazazi wao katika nchi hii, na bado walitembea ndani yake kwa ncha za vidole.

Wachimbaji walianza kazi mwezi wa Machi, mvua zikiwa bado nzito. Sittou aliwapelekea vitumbua kila asubuhi, na macho yake, kama macho ya mwanamke yeyote auzaye, yalizoea kuhesabu.

"Bweni Sittou," mchimbaji mmoja alimtania siku ya tisa, akimwita kwa neno la heshima la Wakomori, "leo vitumbua vina sukari kuliko ahadi za bosi wetu."

"Kula, usinichonganishe na mtu. Mmefika wapi?"

"Tumefika majini! Jana maji yametoka, tumeambiwa tusimame."

"Mita ngapi?"

"Mimi nachimba, bweni, sihesabu. Lakini mwenzangu akiwa chini, hata akijikuna namsikia."

Wenzake wakacheka. Sittou hakucheka. Alitazama pete za saruji zilizobaki chini ya turubai akazihesabu: kumi na tano. Kesho yake zilipakiwa kwenye lori, na lori likashika njia ya Ambondrona, ambako kulikuwa na hoteli mpya ikijengwa. Kwa hiyo ndani ya shimo zilikuwemo ishirini na moja. Mita kumi na nusu.

Jioni aliwaeleza Daoud na Mzee Zoubeir.

"Machi?" Mzee Zoubeir alisema. "Machi hata ukichimba kwa kijiko cha chai utapata maji. Kisima huulizwa mwezi wa Oktoba, jua linapokaanga mawe. Mita kumi? Hicho si kisima, Daoud, hicho ni kikombe."

"Labda pete nyingine zinakuja," Daoud alisema.

"Zinakuja kutoka hotelini, zimeshaoga?"

Daoud alitabasamu kwa shida. Waliafikiana kwamba Jumamosi watapima, mdomo wa kisima ukiwa bado wazi. Sittou alichukua kamba, akafunga jiwe mwishoni, akapiga mafundo kumi na manane, moja kila mita. Alifanya kazi hiyo barazani, Hayrat akimshikia ncha ya kamba na kumcheka kwa jinsi alivyokunja uso.

"Mama, unapima kisima au unatega papa?"

"Napima maji ya mjukuu wangu. Shika vizuri."

Alhamisi Mikidache alikuja nyumbani na tende na kanzu mpya ya Daoud. Akakaa mkekani na kumsifu Boinali, marehemu babake, hadi macho ya Daoud yakalowa. Kisha akasema, "Kaka, kesho baada ya sala ya Ijumaa tusome fatiha ya kisima. Nimeshanunua mbuzi wawili. Shehe amekubali."

"Kesho?" Sittou aliuliza kutoka jikoni. "Kupima ni Jumamosi."

"Shemeji, kumshukuru Mungu kuna zamu?"

Daoud alimkata mkewe jicho, na Sittou akageukia moto wake. Nani angesema shukrani zisubiri?

Sasa nisikilizeni vizuri, kwa maana hapa ndipo hadithi ilipovunjika mgongo. Katika jamii ile fatiha hufunga mambo. Posa ikisomewa fatiha, imekwisha. Kiwanja kikisomewa fatiha, kimeuzwa. Waliogombana wakisomewa fatiha, atakayerudia ugomvi huambiwa anapigana na Kurani. Ndivyo wazee wao walivyoishi miaka mingi katika nchi ambayo mahakama hazikusema lugha yao: neno la Mungu lilikuwa muhuri wao, na muhuri huo ulikuwa na heshima. Mikidache alikulia humohumo. Aliijua heshima hiyo, na alijua mahali pa kuibana.

Ijumaa mbuzi waliliwa. Shehe, mzee mwema asiyejua lolote kuhusu pete wala mita, aliinua mikono, na watu mia wakaitikia amina. Kabla sahani hazijaoshwa, mafundi wa Mikidache walikuwa wameshafunika mdomo wa kisima kwa mfuniko wa zege na kukaza pampu juu yake, "ili uchafu usiingie kwenye maji yaliyoombewa." Walipiga pampu, maji yakaruka, na wanawake wakanyunyiziana kama wasichana.

Jumamosi Sittou alifika na kamba yake. Mzee Zoubeir alikuja na nyundo na tindo.

"Bibi harusi huyu," mzee alisema akiugonga mfuniko, "amefunikwa ushungi mapema mno. Ana kasoro gani?"

"Mzee wangu, usiguse," Daoud alisema.

"Tufungue, tupime, tufunike. Kazi ya saa mbili."

"Kimeshasomewa fatiha! Mtaa mzima umeitikia amina. Leo nikivunja, nitakuwa nimesema nini? Kwamba dua ile ilikuwa mchezo? Kwamba mtoto wa Boinali ni mwizi?"

"Sijasema mwizi. Nimesema kamba."

"Mwashi mzee humwonea mwenziwe wivu," Anli alichomeka.

Mzee Zoubeir alimgeukia. "Wivu wa kikombe hiki? Haya. Saini yangu msiitafute." Akaokota tindo lake na kuondoka, na watu waliosimama pale wakamzomea kidogo. Ndiyo, walimzomea.

Ikabaki karatasi ya mapokezi. Mwenyekiti na wajumbe wawili. Daoud alitia saini. Anli alitia saini akiwa bado anauliza kalamu iko wapi. Kisha Daoud akamvuta mkewe kando, nyuma ya chumba cha wazazi.

"Mama Hayrat, nakuomba."

"Nimezihesabu, Baba Hayrat. Ishirini na moja."

"Maji yanatoka. Umeyaona yanatoka."

"Yanatoka Machi."

"Baba yake alitufunika kwa magunia yake. Mimi nikamfunue mwanawe mbele ya watu?" Akamnyooshea kalamu. "Usinivue nguo, mama. Nakuomba usinivue nguo hadharani."

Sittou alimpenda mumewe. Katika miaka ishirini na tatu hakuwahi kumwona akiomba. Na ndani ya kichwa chake lile neno la zamani la mgeni na vyombo vya mwenye nyumba lilikuwa linasema kwa sauti ya mama yake mzazi. Alichukua kalamu, akatia saini katikati ya majina mawili ya wanaume. Kamba aliipeleka nyumbani, wakaifanya ya kuanikia nguo.

Aprili ikapita, Mei ikapita. Hayrat alinenepa. Rahamatou, mkunga, alipaka chokaa ukuta kwa furaha na kupanda mchaichai karibu na pampu. Agosti pampu ilianza kutoa maji kwa kukohoa. Septemba ilitoa matope. Siku ya tatu ya Oktoba ilitoa upepo.

Rahamatou aliandika kwa chaki kwenye mlango wa chumba cha wazazi: *Mje na maji yenu.*

Hayrat alishikwa na uchungu asubuhi ya tarehe kumi na moja. Houmadi alikimbia kijitoni na madumu mawili. Mwezi huo kijito kilikuwa kimebaki madimbwi, na ng'ombe walikuwa wamesimama ndani yake hadi magotini, kwa kuwa nao walikuwa na kiu. Alichota alichokipata. Rahamatou alichemsha sufuria moja, kisha makaa yakaisha, na mtoto hakungoja makaa. Mkunga yule alitoa hata dumu lake mwenyewe la maji ya kunywa akaoshea mikono. Yeye alikaa siku nzima na ulimi mkavu, wala hakulisema hadi leo. Lakini uzazi ulikuwa mrefu, damu ilikuwa nyingi, na dumu moja ni dumu moja. Vingine vilioshwa kwa maji ya ng'ombe.

Alasiri alizaliwa mtoto wa kike mwenye nywele nyingi.

Kesho yake Mzee Zoubeir alikuja na mkokoteni wake na mapipa mawili ya maji safi aliyoyatafuta mbali, akayashusha mlangoni mwa Daoud. Sittou alisubiri aseme, "Niliwaambia." Mzee alisema, "Hili la kushoto lina mfuniko mbovu, litumieni kwanza." Akageuza mkokoteni wake. Maji yake yalichelewa kwa siku moja tu.

Siku ya tatu mtoto aliacha kunyonya. Hayrat alipata homa ya kutetemesha meno. Waliwapeleka wote wawili hospitali ya Hellville kwa gari la kuazima. Madaktari walifanya waliloweza. Mtoto alifariki siku ya sita, na kwao jina hutolewa siku ya saba. Houmadi alilisema lile jina kaburini, kwa sauti ya chini, kama mtu anayemwita aliyelala. Nami sitaliandika hapa. Ni lao.

Hayrat alipona. Madaktari walimtoa kizazi ili apone.

Alipoweza kukaa kitandani, alimtazama baba yake na kumuuliza swali moja.

"Baba, kile kisima kina maji?"

Daoud alitoka nje ya wodi.

Walipotoka hospitali, Houmadi alimchukua mkewe na kumpeleka kwao Mahajanga. Katika ada yao, mume kumwondoa mke katika nyumba aliyojengewa na babake ni jambo zito. Hakuna aliyemlaumu. Chumba cha mabati kikabaki na kufuli.

Ndipo Daoud akaenda kwa Mzee Zoubeir kuazima nyundo. Walivunja mfuniko pamoja, mchana, watu wakitazama. Sittou aliianua ile kamba ya nguo na kuishusha. Jiwe liligonga chini kabla ya fundo la kumi na moja. Kikundi kiliandika barua kwa ofisi iliyotoa fedha. Jibu lilikuja baada ya miezi minne, karatasi moja yenye adabu: kumbukumbu zinaonyesha kwamba kazi ilipokelewa na wawakilishi wa raia, ambao saini zao zimeambatanishwa. Na kweli ziliambatanishwa, tatu, nzuri, za wino wa buluu.

Daoud alimpigia simu Mikidache. Sittou alikuwa kando yake akasikia sauti ikitoka kwenye simu, changamfu, ya mtu aliyeko kazini. Nyuma yake kulikuwa na mashine ya kukoroga zege.

"Pole sana kwa msiba, kaka. Mungu awape subira. Lakini kisima? Si tulisoma fatiha pamoja?"

Daoud alikata simu. Tangu siku hiyo watu hawakumtukana. Walimpa kazi zao za injini, walimsalimia. Ila mahali popote fatiha iliposomwa na watu wakainua mikono, aliona macho yakimgeukia, akajifunza kufika amina zikiwa zimekwisha. Hiyo ndiyo adhabu aliyopewa, na kwa mtu mpole kama yeye, ilitosha kumzeesha.

Mwaka na nusu ulipita. Sittou aliweka akiba, akavuka kwa boti na kusafiri kwa gari siku mbili hadi Mahajanga, mtaa wa Ampisikina. Alimkuta binti yake amekonda, ameketi kwenye cherehani. Alikuwa akishona mavazi ya shule, yale madogo kabisa ya watoto wanaoanza.

"Baba hakuja?" Hayrat aliuliza, na uso wake ukajikaza.

"Sikumwambia aje. Nimekuja na langu."

"Mama, kama umekuja kumwombea msamaha, kunywa chai kwanza, kisha tuzungumze mengine."

"Sijaja kumwombea mtu." Sittou aliweka kikombe chini. "Ile karatasi ilitaka saini tatu. Ya baba yako. Ya Anli. Ya tatu unadhani ni ya nani?"

"Mzee Zoubeir."

"Zoubeir alikataa."

Cherehani ilisimama. Nje mtu alikuwa akitangaza samaki kwa Kimalagasi, akapita, akapotelea mtaa wa pili.

"Wewe ulizihesabu pete," Hayrat alisema polepole. "Mimi nilikushikia kamba."

"Ndiyo."

"Ulijua."

"Nilijua, mwanangu. Baba yako hakuwa na hakika. Alikuwa na woga. Mimi nilikuwa na hakika. Aliniomba nisimvue nguo mbele ya watu."

"Kwa hiyo nikavuliwa mimi."

Sittou hakujitetea. Angeweza kusema ni mume, ni ada, ni yaliyowapata wazee Mahajanga. Yote yalikuwa kweli, na hakulitaja hata moja.

"Mwaka na nusu," Hayrat alisema, "namwambia Houmadi kwamba mama yangu alinyamazishwa. Kumbe ulinyamaza."

Akarudi kwenye cherehani yake. Sittou alikaa pale siku tatu. Hayrat alimpikia, akampa godoro lake na yeye akalala mkekani, akamfulia hata kanga aliyokuja nayo. Hakumwambia neno zaidi ya "chakula tayari." Wanangu, nimeona chuki za namna nyingi, lakini sijaona nzito kama ile inayokupa godoro.

FUNZO

Haya ndiyo niliyotaka mjifunze, nanyi mtakaoisoma hadithi hii msiishie kumhurumia mtu.

Mali ya umma ni mali yenu. Mkichaguliwa kuiangalia, angalieni. Kikundi cha raia ambacho hutia saini bila kupima ni kibaya kuliko kutokuwepo kikundi, maana mwizi asiye na shahidi wa kumtetea huogopa, lakini mwizi mwenye saini zenu tatu hulala usingizi. Pimeni kwanza, mshukuru baadaye. Mwenyezi Mungu haharakishwi na mbuzi wawili, na dua haichimbi mita saba na nusu zilizobaki. Anayeileta dua mbele ili kipimo kisipite, huyo ndiye aliyeitukana. Aliyeshika kamba hakuitukana.

Wema mliotendewa ulipeni kwa chenu. Boinali aliwaokoa watu wawili, na wema wake ulikuwa wa kweli, Mungu amlipe. Lakini Daoud aliulipa kwa maji ya mtaa mzima, ambayo hayakuwa yake kutoa.

Na nyinyi mnaojiita wageni mahali mlipozaliwa: anayezika watu wake katika ardhi, ana haki ya kuuliza kisima cha ardhi hiyo kina kina gani. Wazazi wetu walinyamaza ili tuishi. Mtoto yule alikufa kwa sababu watu wazima waliendelea kunyamaza wakati hakuna aliyewashikia panga.

Kwa wake za watu nina neno la peke yake. Heshima ya mume ni nguo, ndiyo, mfunike. Lakini usimfunike kwa shuka la mwanao.

Mtaa ule sasa una kikundi kingine, na mwenyekiti wake ni Mzee Zoubeir mwenye ulimi wa patasi. Wanapima. Kisima bado kina mita kumi na nusu, na ombi la kukiongeza bado liko mezani pa mtu. Akina mama bado huja na maji yao.

Nimebakisha asubuhi moja ya Mahajanga.

Siku ya nne Sittou alifunga mkoba wake aende kituoni. Hakutarajia kusindikizwa. Hayrat alivaa ushungi, akauchukua ule mkoba mkononi mwa mama yake bila kuuliza, wakatembea hadi mahali magari yanapopakia. Hapo akauweka chini, lakini hakuuachia mkanda.

"Mama, sijakusamehe. Nisikudanganye."

"Usinidanganye."

"Na ukija siku nyingine, huenda ukanikuta na hasira hiihii."

"Nitaikuta, tutakaa nayo."

Dereva alipiga honi. Hayrat alitazama pembeni, akafuta uso kwa ncha ya ushungi kama mtu aliyeingiwa na vumbi.

"Baba usije naye bado. Wewe njoo," alisema. "Njoo kabla ya mvua, mama. Njoo tena."